Kompyuta ya Fundi Cherehani

Mtu akiitwa Milimita mtaa mzima, ujue jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja wake, nusu kwa sifa, nusu kwa kumchoka. Fundi cherehani huyu alikuwa anakushonea suruali ikakukaa utadhani ulizaliwa nayo, lakini kabla hajakukabidhi lazima akuvalishe, akuvue, akuvalishe tena, akuzungushe mbele ya kioo, kisha aseme, "Iache kwanza. Mguu wa kushoto umezidi." Ukimwambia huoni ulipozidi, anakuangalia kwa huruma, na suruali unaifuata wiki nyingine.

Hayo ni ya dukani. Nyumbani, yaani vyumba viwili vilivyo nyuma ya hilohilo duka, hakuwa na mtu wa kumzungusha. Mkewe ni muuguzi, na alikuwa ng'ambo kwa mkataba wa kazi katika hospitali kubwa. Mwanzoni walikuwa wanapigiana simu mpaka sikio linapata joto. Baadaye maneno yakaanza kukauka. Umekula? Nimekula. Wewe je? Nimekula. Watu wazima wawili, waliopendana wenyewe bila kulazimishwa na mtu, wakabaki kupeana taarifa za kushiba.

Jumatatu moja simu iliita wakati Milimita ana pini mdomoni na koti la mteja begani. Alizitema pini kiganjani akapokea.

"Wameniletea mkataba mwingine," mkewe alisema. "Wanataka niongeze muda. Jibu wanalitaka Jumatatu ijayo asubuhi."

"Aha."

"Unaonaje?"

Milimita alitaka kupiga kelele kwamba hapana, usiongeze, panda ndege ya kwanza. Nasema alitaka. Kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine kabisa.

"Kwani wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi ndiye niliyekuuliza, Mili."

"Sawa, lakini kazi ni yako. Wewe fanya vile unavyoona inakufaa."

Mkewe akasema "haya," ile haya ya mtu anayefunga dirisha. Lakini hakukata simu papo hapo.

"Jumapili mchana niko mapumziko," alisema. "Nitakuwa kwenye lile gemu na wenzangu. Nimekuomba uingie mpaka nimechoka. Kule watu tunaongea, mikono ikiwa na shughuli mdomo unalegea. Kwenye simu mimi na wewe tunakuwa kama tuko dirishani benki."

Gemu lenyewe Milimita alikuwa analijua kwa kusimuliwa tu. Watu wanaingia kwenye nchi ya kubuni, kila mmoja kwa kompyuta yake popote alipo duniani, wanachimba mawe, wanakata miti, wanajenga kijiji huku wakipiga soga. Mkewe alikuwa amejenga nyumba yake juu ya kilima. Na kando yake kulikuwa na nyumba nyingine, ya mfanyakazi mwenzake mmoja ambaye yeye alimwita Jirani. Jirani amenipa mbao. Jirani amenisaidia kuezeka. Leo Jirani katuchekesha! Neno hilo lilikuwa limemkwama Milimita kooni kama mwiba wa samaki, halitemeki wala halimezeki, na kwa kuwa hakulisema lilizidi kuvimba.

Alishawahi kujaribu kuingia. Kompyuta yake ya zamani, aliyokuwa akitazamia mitindo ya nguo, ilihema, ikapata joto, ikazima. Gemu lile lilikuwa linataka kompyuta yenye kifua.

Alasiri hiyohiyo alimwita shemeji yake. Huyu ni mdogo wa mkewe, kijana wa maneno mengi aliyekuwa akiuza vifuniko vya simu kona ya mtaa, na watu walimwita Injinia kwa sababu hakuna kitu duniani alichokiri kutokijua.

"Nunua iliyokwisha kuundwa," Injinia alimwambia. "Unaichomeka, inawaka, unaingia, unamwona dada."

"Fundi hanunui suti ya dukani," Milimita alijibu. "Tutaiunda wenyewe."

"Ndiyo maana nakupenda shemeji, kichwa kigumu kama pasi."

Basi akiba iliyokuwa inangojea cherehani mpya ikabadilishiwa safari, na Injinia akatumwa mjini kununua vile vitu viwili alivyoapa kuvijua kuliko jina lake. Cha kwanza ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kijibamba kisichozidi ukubwa wa biskuti. Cha pili ni bodi kuu, ubao unaobeba vitu vyote. Prosesa aliinunua duka moja kwa sababu ilisifiwa, bodi akainunua duka jingine kwa sababu ilikuwa na taa za rangi.

Milimita alivitandika juu ya meza yake ya kukatia, akavaa miwani, akageuza prosesa chini juu. Ilikuwa imejaa vijimiguu vya dhahabu, vyembamba kama nywele. Akatazama pale bodini inapotakiwa kukaa. Napo palijaa vijimiguu.

"Injinia."

"Naam shemeji."

"Umeniletea vifungo viwili. Tundu la kifungo liko wapi?"

Injinia aliinama, akatazama, akakuna shingo. Akasema labda ukiikandamiza kidogo. Milimita alimnyang'anya prosesa kabla hajathubutu, na usiku ule hakuna aliyesema tena habari za kukandamiza.

Kesho yake walikwenda wenyewe kwa dada mmoja muuza vifaa vya kompyuta, aliyekuwa na duka jembamba lenye rafu mpaka darini. Alivipokea vile vitu viwili, akavitazama, akacheka kwa puani.

"Hawa hawaivi chungu kimoja," alisema. "Koo mbili tofauti, na hawatapatana hata mkeshe. Sikilizeni. Ukishaichagua prosesa, yenyewe ndiyo inayokuambia bodi gani. Bodi inakuambia ramu gani, ile kumbukumbu ya muda, maana ramu ya aina nyingine hata kuingia haiingii. Kadi ya picha, hii ndiyo inayochora gemu, inakuambia pawa saplai, yaani kigawa umeme, iwe na nguvu kiasi gani. Na mwisho kabisa kasha linaamua kama vyote vitaenea. Kasha unalo?"

Milimita alikuwa nalo. Alilipata mtumba, dogo, jembamba, jeusi, lenye mstari wa fedha ubavuni kama suruali ya mpiga tarumbeta. Alilipenda kwa sababu lilienea chini ya meza ya kukatia bila kugusa mguu wa meza.

"Hilo dogo," dada alisema. "Angalia sana vipimo."

"Dada yangu," Milimita alisema, na hapa ndipo nilipotamani kumziba mdomo, "habari ya vipimo niachie mimi."

Siku zilizofuata mteja aliyefuata nguo yake aliondoka mikono mitupu. Milimita alikuwa na kazi moja tu. Aliandika ukubwa wa kila kitu kutoka kwenye boksi lake, akatoa karatasi ngumu ya kahawia, ile anayochorea vipande vya koti kabla ya kugusa kitambaa, akakata umbo la kila kifaa. Bodi, hii hapa. Kadi ya picha, ndefu kama mkono wa shati, hii hapa. Pawa saplai, hii hapa. Akakata na umbo la kasha lenyewe, akalitandaza mezani, akaanza kuvipanga vile vipande juu yake namna mafundi wanavyopanga vipande juu ya kitambaa, hiki pembeni, kile kigeuze, pale pana upenyo.

Alikuwa hatulii. Akivipanga vikaenea, anainuka, anazunguka meza, anarudi, anaona afadhali kadi nyingine fupi kidogo. Anafunga duka, anakwenda kwa dada, anauliza kadi fupi. Akifika nyumbani anakumbuka kwamba kadi fupi ina feni moja tu na itapiga kelele, na yeye mkewe akiongea kwa sauti ya chini atamsikiaje? Anarudi tena kwa dada. Chai anaitengeneza, anaiacha. Anakaa kwenye cherehani, anashona kidogo, anagundua uzi ni mweusi na kitambaa ni cheupe, anafumua.

"Kaka, kwani wewe unanunua kompyuta au unaposa?" dada alimuuliza alipomwona tena mlangoni.

"Vyote," alijibu Injinia, aliyekuwa amemsindikiza.

Ukweli ni kwamba alikuwa na haraka na hofu kwa wakati mmoja, na mtu mwenye mambo hayo mawili hafai hata kubeba mayai. Kila alipofumba macho aliona kilima asichokijua na nyumba mbili zilizokaribiana. Mkewe hakupiga simu wiki ile, wala yeye hakupiga. Alijiambia atapiga akiwa na la maana la kusema, yaani atakapomwambia, niko ndani ya gemu, niangalie.

Hatimaye alichagua. Prosesa na bodi za ukoo mmoja, ramu inayokubalika, pawa saplai yenye misuli, kadi ya feni mbili iliyopenya kwenye ile karatasi na kubakisha upana wa kidole. Mwisho akachagua kipozaji, lile dude la mabati membamba yenye feni linalokaa juu ya prosesa ili isiungue. Dada alimwonyesha viwili. Milimita akapima vitako vyake kwa futi, akaona vinalingana, akachukua kile kilichokuwa kimya zaidi.

"Hicho umekiangalia vizuri?" dada aliuliza.

"Kimeenea. Nimekikatia karatasi."

Dada alikuwa na mteja mwingine anayegonga meza kwa sarafu, basi akakifunga kwenye mfuko.

Jumapili asubuhi meza ya kukatia ilifagiliwa uzi na chaki. Injinia alikuja na bisibisi mbili na mdomo wake. Nami lazima niseme haki ya Mungu, Milimita alifanya kazi nzuri. Prosesa ilikaa mahali pake kwa uzito wake tu, bila kusukumwa. Ramu ziliingia zikalia ta, ta. Bodi ilikaa kwenye kasha, na matundu ya skrubu yakaangaliana kama wapenzi. Pawa saplai ilikaa chini. Kadi ndefu ilipenya na kubakisha upana wa kidole, uleule wa kwenye karatasi, na Milimita akamtazama shemeji yake juu ya miwani. Nyaya alizipanga, akazifunga kwa mafundo madogo ya uzi wa nailoni, akakata ncha.

Kisha akafunga kipozaji juu ya prosesa. Akachukua mlango wa ubavuni wa kasha, ule wenye mstari wa fedha, akauweka.

Haukufunga.

Akausukuma taratibu. Kitu kiligonga. Akauondoa, akachungulia, akauweka tena kwa pembe nyingine. Kipozaji kilikuwa kimesimama wima kama mgeni asiyeambiwa karibu kiti, na kichwa chake kilikuwa kimechomoza nje ya kasha.

Milimita aliitafuta karatasi ya kipozaji kati ya vipande vyake vya kahawia. Akaiinua mbele ya macho. Mraba mdogo, safi, uliokatwa bila kosa. Ndipo alipoelewa, na masikio yakamwaka moto. Miaka yote mikono yake ilikuwa imezoea kitambaa, na kitambaa kina urefu kina upana, basi. Kimo hakina. Kila kitu alikuwa amekikata vizuri kabisa na hakuna hata kimoja alichokipima kinasimama kiasi gani.

Injinia alicheka mpaka akashika ukuta. "Milimita! Mungu wangu! Umeshona kofia ukasahau kichwa!"

"Nyamaza."

"Nitawaambia kona nzima."

"Nimesema nyamaza. Duka la dada linafunguliwa leo?"

"Jumapili? Hata simu hapokei mpaka atoke ibadani."

Walichomeka umeme hivyohivyo, ubavu wazi, wajue angalau kama kompyuta inapumua. Feni zilianza kuzunguka. Skrini ikabaki nyeusi tii. Sasa hapo hata Injinia akaacha kucheka. Milimita alikaza kila skrubu, akachomoa ramu akazirudisha, akatembea mpaka mlango wa duka na kurudi, akafuta miwani ambayo ilikuwa safi. Adhuhuri ilikuwa imepita. Alimpigia dada muuza vifaa, hakupokea, akampigia tena. Mara ya tatu akapokea.

"Waya wa skrini umeuchomeka wapi?" dada aliuliza.

"Hapo nyuma."

"Nyuma wapi? Kwenye bodi au kwenye kadi ya picha?"

Milimita aliinama akatazama. Aliuchomoa waya juu, kwenye bodi, akauchomeka chini, kwenye kadi, na skrini ikajaa mwanga. Kwenye simu dada alikuwa tayari anacheka kwa puani. Alipoambiwa habari za mlango alisema, "Uache wazi. Vumbi la siku moja haliui kompyuta. Kesho njoo nikubadilishie kifupi," akakata.

Gemu lilikuwa limeshapakuliwa kwenye diski, Injinia alilileta kutoka kwake. Likafunguka bila kuhema. Hakukuwa tena na kitu kati ya Milimita na mkewe ila kitufe kimoja.

Na unajua alifanya nini? Aliinuka, akaenda stoo, akarudi na msumeno wa chuma.

"Unafanya nini?" Injinia aliuliza.

"Natoboa mlango. Kijitundu kidogo tu, kichwa cha kipozaji kitokee, nikizungushie mpira pembeni. Kitapendeza."

"Sasa hivi?"

"Kazi haitoki mikononi mwangu kabla haijaisha."

Simu ililia mezani. Ujumbe wa mkewe ulikuwa mfupi. Nimeingia. Uko wapi?

"Mwandikie nakuja," Milimita alisema, akiwa ameshaanza kuchora duara la chaki kwenye bati. "Mwambie kidogo tu."

Injinia hakuandika. Aliweka simu chini. Kijana huyu ana kasoro zake, nimezitaja na sijazimaliza, lakini dada yake alikuwa dada yake.

"Shemeji, kesho asubuhi anatoa jibu."

"Najua."

"Halafu wewe unachora duara."

"Nimekwambia ni kidogo tu!"

"Unaogopa nini?"

Chaki ilisimama. Milimita alitazama lile duara. Alikuwa anaogopa kumkuta mkewe ana furaha. Ndiyo hivyo, wala si jambo la kuzungushwa. Alikuwa anaogopa kuingia mle, amwone kilimani kwake, na nyumba yake, na marafiki zake, na huyo Jirani, na asikie kwa masikio yake kwamba hapungukiwi na kitu. Mlango ukiwa haujafunga, kazi haijaisha. Kazi ikiwa haijaisha, hakuna aliyeweza kumwambia hivyo.

"Kijitundu tu," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Injinia aliuchukua mlango mikononi mwake, akauweka juu ya stuli, akaukalia.

"Basi nitoe," alisema.

Milimita alimtazama shemeji yake aliyekalia bati kama kuku anayeatamia. Aliweka chaki na msumeno chini. Akavaa hedifoni, akakaa, akabonyeza.

Aliibukia kwenye uwanda wa kijani, jua la kuchorwa likiwa juu. Alibonyeza kitufe cha kutembea, akatembea. Akabonyeza kingine, akaruka. Akabonyeza cha tatu akiwa na uhakika kabisa, akatumbukia kwenye shimo.

Na hapo masikioni mwake, karibu kuliko simu yoyote, alisikia mkewe anacheka. Hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu aondoke. Kilikuwa kile kicheko chake cha kwikwi, cha kuishiwa pumzi, na Milimita akiwa shimoni alihisi macho yanamchoma.

"Mili! Ni wewe? Ruka! Kitufe kirefu, bonyeza kile kirefu! Ee jamani, mume wangu ameingia kwa kutumbukia."

Alimtoa shimoni kwa kumwekea mawe moja baada ya jingine mpaka ikawa ngazi. Mbele yake alisimama mtu wa miraba miraba mwenye gauni jekundu. Nyuma yake alisimama mwingine mwenye kofia pana.

"Karibu shemeji," alisema mwenye kofia. Ilikuwa sauti nzito ya kiume, tena nzuri, sina budi kuikubali. "Tumesikia habari zako nyingi. Mimi ndiye jirani."

"Ahsante. Habari za kazi?"

"Kazi salama. Haya, mimi nakwenda kuchimba mawe ng'ambo ya mto. Nitachelewa."

Akaenda zake. Milimita alimtazama mpaka akatoweka. Mtu anayejua wakati wa kuondoka, aliwaza, huyo ndiye wa kuogopwa. Wivu haukumtoka, ulisogea pembeni tu. Nyuma yake, kwenye dunia ya kweli, alisikia Injinia naye anainuka na kusema anakwenda kutafuta soda, akitembea kwa vidole ili asisikike, na kwa hiyo akigonga kila kitu.

"Njoo unisaidie," mkewe alisema. "Huu ukuta wa nyuma haujaisha. Wewe panga, mimi nakuletea."

Wakajenga. Jiwe, jiwe, jiwe. Alikuwa anakosea, anaweka jiwe hewani, mkewe analitoa bila kusema. Alimweleza habari za kipozaji, na mkewe akacheka upya, akataka kujua Injinia alisema nini, naye akamweleza vile vifungo viwili visivyo na tundu. Waliongea kuhusu mteja mmoja mnene asiyekubali kwamba amenenepa. Waliongea kuhusu mgonjwa mmoja mzee aliyekuwa akimwita mkewe kwa jina la binti yake. Maneno yalikuwa yanatoka tu, na ukuta unapanda.

"Unafurahi huko?" Milimita aliuliza, macho yake kwenye jiwe.

"Ndiyo."

Lilimpiga palepale alipolitarajia.

"Nafurahi," mkewe aliendelea. "Kazi inaniheshimu. Nina watu. Sitakudanganya."

"Aha. Basi, kuhusu ule mkataba, wewe angalia mwenyewe vile..."

"Usiseme." Mtu wa gauni jekundu aliacha kuleta mawe. "Usiniambie nifanye ninavyoona. Kila anayeingia dukani kwako unamuuliza anataka vipi, anakwambia, unamshonea, anaondoka. Mimi si mteja wako, Mili. Siku naondoka tulikuwa uwanja wa ndege, nakusubiri useme neno, ukaniambia nifunge zipu ya begi vizuri."

"Ilikuwa imeachia."

"Najua ilikuwa imeachia!"

Milimita aliweka jiwe jingine hewani.

"Nilidhani nikikuzuia nitakuwa mchoyo," alisema.

"Na mimi nikadhani huna shida na mimi."

Hakukuwa na mguu wa kushoto uliozidi. Hakukuwa na kitu cha kufumua. Mikono yake ilikuwa juu ya kibodi, na haikujua ishike nini.

"Nataka urudi," alisema. "Najua unafurahi huko, na bado nataka urudi. Nakutaka hapa. Ni uchoyo, na siuondoi."

Akamsikia mkewe anapenga kamasi.

"Sema tena."

"Nataka urudi."

"Haya sasa nisikilize," mkewe alisema. "Karatasi zao nilizirudisha Ijumaa, hazina sahihi yangu. Kurudi nilikuwa narudi. Nilichokuwa sikijui ni kama narudi kwako, au narudi tu kwa mama."

Milimita alitafuta kile kitufe cha kutembea mbele, akakibonyeza, akaenda mpaka uso wake wa mraba ukagongana na uso wa mraba wa mkewe, akaendelea kukibonyeza. Namna ya kurudi nyuma hakufundishwa, wala hakuuliza.